Vita ndivyo vilivyoandika hati yangu ya mshahara

Swali la wiki liliuliza: "Marekani ya leo imejengwa na vita au na uchumi?" Wasomaji wawili walionitangulia wamejibu uchumi, mmoja akitaja Wall Street na mwenzake viwanda vya Detroit. Mimi niko upande wa vita, hasa Vita vya Pili vya Dunia, wala sisemi habari za makombora na kambi za jeshi. Nasema habari za nyumbani kabisa: kodi, bima ya hospitali, nyumba ya mkopo na ada ya chuo.

Nianze na hati ya mshahara, maana kuziandaa ndiyo kazi inayonilisha hapa Ohio. Kila baada ya wiki mbili napitia makato ya watu, mstari kwa mstari, na kila mstari una msiba wake uliouzaa. Asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii ni zao la Mdororo Mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930: sheria ilipita 1935 na makato yakaanza Januari 1937. Chini yake kuna kodi ya mapato ya serikali kuu. Kabla ya vita kodi hiyo ilikuwa shughuli ya wenye nazo. Mwaka 1939 walioilipa walikuwa wapatao milioni 4 tu. Kufikia 1945 walikuwa zaidi ya milioni 40, kwa sababu ndege na meli za kivita haziundwi kwa maneno. Sasa fundi wa kiwandani utamwambiaje aweke akiba mwaka mzima ili Machi alipe kodi kwa mkupuo? Ndipo Julai 1943 waajiri wakaamriwa kuikata kabla mshahara haujafika mkononi. Vita vikaisha, makato yakabaki. (Wenzangu mnaokatwa PAYE Kenya na Tanzania msicheke: Uingereza nayo iliianzisha 1944, mabomu yakiwa bado yanaanguka.)

Ila mstari ninaotaka kuusemea hasa ni wa bima ya afya. Ndugu zangu wa Morogoro wananiuliza kila siku kwa nini mtu akiachishwa kazi Marekani anaililia bima kuliko mshahara. Jibu liko katika Oktoba 1942.

Nchi wakati huo ilikuwa imegeuka karakana moja kubwa. Utengenezaji wa magari ya kiraia ulisimamishwa Februari mwaka huohuo. Kule Willow Run, karibu na Detroit, kampuni ya Ford ilijenga kiwanda ambacho kufikia 1944 kilikuwa kinatoa ndege moja ya mabomu karibu kila saa. Vijana wako vitani, viwanda vinagombea wafanyakazi, na serikali inaogopa mishahara ikipanda bei nazo zitapaa. Oktoba hiyo Congress, yaani bunge la Marekani, ikapitisha sheria ya kuzuia mishahara. Tajiri wa kiwanda akawa na pesa na shida ya watu, lakini haruhusiwi kuongeza senti. Bodi ya Kazi ya wakati wa vita ikaacha upenyo: bima na pensheni, ilisema, havihesabiwi kuwa mshahara. Mwaka uliofuata mamlaka ya kodi ikaongeza utamu, kwamba mchango wa mwajiri kwenye bima hautozwi kodi kama pato la mfanyakazi, na mwaka 1954 jambo hilo likaandikwa rasmi katika sheria ya kodi. Kuanzia hapo dola ya mshahara hufika imemegwa, dola ya bima hufika nzima. Mwajiri gani asingeipenda hesabu hiyo?

Bima yenyewe haikuzaliwa siku ile. Hospitali ya Baylor kule Dallas iliwauzia walimu mpango mwaka 1929, senti 50 kwa mwezi kwa siku 21 za kulazwa. Lakini ilikuwa kitu cha wachache. Kwa nguvu ya vita, tazameni bandari ya Richmond, California, ambako Henry Kaiser alikuwa anaunda meli za mizigo. Wafanyakazi wake walitoka kila pembe, wengi kutoka kusini, na vijana wenye afya njema walikuwa tayari wamechukuliwa na jeshi. Akamleta daktari Sidney Garfield awatibu kwa mchango wa kila wiki badala ya kulipishwa kila wanapougua. Meli zilipokwisha na watu kuondoka, mpango ukafunguliwa kwa umma mwaka 1945. Leo una wanachama zaidi ya milioni 12.

Novemba 1945 Rais Truman aliiandikia Congress ujumbe kuomba bima ya afya ya taifa zima. Chama cha madaktari kikampinga kwa nguvu zote, kikiuita mpango wa kijamaa, na hoja ikafa. Hapa ndipo naona njia zilipoachana na Ulaya. Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, yeye mwenyewe alitaka bima ya taifa. Alipoona mlango umefungwa akaidai kwa mwajiri, na mkataba wa 1950 na General Motors ukawapa watu wake pensheni, nyongeza inayofuata kupanda kwa bei, na nusu ya gharama ya bima. Ushindi mkubwa, simkatai. Lakini wenye sauti kubwa kuliko wote nchini walikuwa sasa wamepata chao. Nani angebaki kuandamana? Wazee na maskini walisubiri hadi Julai 1965, Rais Johnson alipotia saini Medicare, bima ya serikali kwa wazee, na Medicaid, ya maskini, kule Independence, Missouri, Truman mzee akiwa kando yake.

Wanaosema uchumi ndio ulioibadili Marekani wako sahihi kwa yaliyofuata. Ajira za viwandani zilifika milioni 19.5 mwaka 1979; kufikia 2010 zilibaki kama milioni 11.5. Mtu alipopoteza kazi kiwandani alipoteza na daktari wa watoto wake. Kampuni nazo ziliumia: mwaka 2005 General Motors ilikuwa inalalamika kwamba matibabu ya wafanyakazi na wastaafu wake yanaongeza karibu dola 1,500 kwenye kila gari. Kisha Aprili 2020 ukosefu wa ajira ukakaribia asilimia 15, gonjwa la korona likiwa mitaani. Yaani watu walipokonywa bima wakati hasa wanapoihitaji.

Mimi naliona hili kwenye kompyuta. Nikiingiza tarehe ya mwisho ya kazi ya mtu, mfumo wenyewe unatoa barua. Inamwambia anaweza kubaki na bima ileile hadi miezi 18, kwa sheria ya 1986, ila sasa ailipie mwenyewe, na anaweza kutozwa hadi asilimia 102 ya gharama yote. Ile mbili ni ya usumbufu wa ofisi. Mtu hana kazi, halafu ndiyo kwanza anajua bima yake ilikuwa inagharimu kiasi gani, maana sehemu ya mwajiri hakuwahi kuitoa mfukoni. Wengi wanaisoma barua hiyo mara mbili, kisha wananipigia kuuliza kama nimekosea tarakimu.

Nyumba na chuo sitavikawiza sana. Juni 1944 Roosevelt alitia saini sheria ya askari wanaorejea: ada, posho, na dhamana ya mkopo wa nyumba. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa wametoka jeshini. Familia zinazomiliki nyumba zikapanda kutoka asilimia 43.6 mwaka 1940 hadi 61.9 mwaka 1960. Mitaa mipya kama Levittown, nje ya New York, ilijengwa kwa kasi ya kiwanda. Lakini mkopo ulipitia benki za kila mji, na benki zilikuwa na desturi zake. Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa askari wa zamani, askari weusi walipata miwili. Miwili! Levittown nayo mkataba ulikataza asiye mzungu kukaa humo, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Askari hao weusi walivaa sare moja na wenzao wazungu. Ukisikia leo kwamba familia nyeupe zina mali mara nyingi kuliko nyeusi, sehemu kubwa ya habari ni nani alipata nyumba mwaka 1947 na kumrithisha nani. Na mlango ule haujafungwa: vijana wengi wa Kikenya na Kikongo ninaowajua hapa waliojiandikisha jeshini walifuata ada ya chuo na uraia, bendera ikaja baadaye.

Najua jibu nitakalopewa. Wataniambia kilichoitoa Marekani kwenye mdororo ni pesa ya serikali, si risasi, na pesa ileile ingeweza kutumika bila vita. Kwenye karatasi ni kweli. Mwaka 1940, baada ya miaka saba ya mipango ya Roosevelt, ukosefu wa ajira ulikuwa bado asilimia 14.6; mwaka 1944 ulikuwa 1.2. Katikati yake serikali kuu ilitoka kwenye matumizi ya dola bilioni 9 na ushee kwa mwaka hadi zaidi ya bilioni 90. Ila nitajieni mwaka mmoja wa amani ambao Congress ingekubali kufungua hazina kiasi hicho. Truman aliomba bima ya afya, wakamnyima. Eisenhower alipotaka barabara kuu mwaka 1956, mtandao wake ulipewa jina la barabara za kuunganisha majimbo na za ulinzi. Na mikopo ya wanafunzi wa vyuo ya serikali kuu ilianza kwa sheria iliyobeba jina la elimu ya ulinzi wa taifa, ikatiwa saini Septemba 1958, hata mwaka haujatimia tangu Warusi warushe setilaiti yao ya Sputnik.