Anapigwa seli ili akiri wizi

Pole sana, dada. Unauliza kama polisi hapa Kenya wana haki ya kumpiga mdogo wako kwa kuwa "huenda kweli aliiba". Hawana. Hata kama aliiba, kumwadhibu ni kazi ya mahakama, na Kifungu cha 25 cha Katiba ya 2010 hakiachi mwanya wowote wa mateso, hata kwa kisingizio cha usalama.

Nenda kituoni leo na wakili. Uliza nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na saa aliyokamatwa: ndani ya saa 24 afikishwe kortini, ila zikiishia wikendi husubiriwa siku ya korti inayofuata. Ujanja wa kukamata watu Ijumaa jioni unajulikana. Asitie sahihi chochote. Kukiri mbele ya mpelelezi wa kesi yake hakukubaliki kortini. Lazima iwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa na sheria, na mtu aliyemchagua mwenyewe awepo.

Siku ya kwanza kortini amwonyeshe hakimu majeraha, aombe yaandikwe na apelekwe hospitali. Michubuko hufifia upesi. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, ikichelewa wiki mbili, huenda daktari asiwe na la kuandika. Kituo kikikataa kuitoa, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi.