Maswali yenu kuhusu besi

Bendi yetu ina magitaa mawili na kinanda. Tukimtoa mpiga besi, nani atagundua?

Wacheza dansi watagundua kabla yenu. Kaa kwenye kinanda, bonyeza do, mi na so kwa mkono wa kulia. Ni sauti ya furaha, iliyotulia. Usiinue vidole. Sasa kwa mkono wa kushoto gusa noti ya la, kule chini. Mkono wa kulia haujasogea, lakini majonzi yameingia. Noti moja ya chini imebadili maana ya zile tatu za juu. Mpiga gitaa anaweza kushika kodi yoyote aipendayo, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Wa besi ndiye anayeamua itasikika vipi.

Halafu kuna ngoma. Besi inashikana na ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa kanyagio, mpaka mtu asijue kilichomgonga kifuani ni kipi. Zamani kazi hii ilikuwa ya besi kubwa ya kusimama, na kwenye bendi yenye ngoma na tarumbeta ilimezwa. Mtengeneza magitaa Leo Fender alipotoa gitaa lake la besi la umeme mwaka 1951, mpiga besi akaanza kusikika noti kwa noti. Tafuteni rekodi za kampuni ya muziki ya Motown za miaka ya 1960 alizopiga James Jamerson. Alichomoa nyuzi kwa kidole cha shahada peke yake, na bado besi yake inaimba wimbo wa pili chini ya mwimbaji. Mimi nikizisikiliza humsahau mwimbaji kabisa. Msimtoe mtu wenu.

Mwalimu wangu ananikataza kujaza noti nyingi. Mbona wengine wanajaza?

Jamerson alijaza, na kila noti ilikuwa na mahali pa kwenda. Ila msikilize pia Aston Barrett wa The Wailers, bendi ya Bob Marley. Kwenye rege alikuwa anapiga kifungu kifupi, ananyamaza, anakirudia, na kile kimya kinavuta mwili kama noti yenyewe. Mwalimu wako yuko sahihi: jifunze kwanza kunyamaza kwa wakati.

Spika ya simu ni ndogo vile. Inakuwaje bado naitambua besi?

Uzi mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kusukuma hewa kiasi hicho. Lakini noti haiji peke yake; inafuatana na mitetemo ya mara mbili yake, mara tatu, mara nne na kuendelea. Spika ikikupa hiyo ya juu, ubongo wako unajaza ya chini iliyokosekana. Kwa hiyo unasikia kitu ambacho spika haikukitoa, jambo linalonishangaza hadi leo. Maprodyuza wanalijua hilo, ndiyo maana huitia besi mkwaruzo kidogo ili ile mitetemo ya juu ijitokeze.

Jirani akifungulia muziki, kwa nini mimi napata besi tu?

Wimbi la noti ile ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8. Sauti nyembamba hukwama kwenye kuta na mapazia. Ya chini hutikisa ukuta wenyewe, nao unakuwa spika upande wako. Mwombe apunguze besi, si sauti yote, na aitoe spika kwenye kona, maana kona huikuza.

Hii "808" inayotajwa kila mahali ni nini?

Ni mashine ya ngoma ya Roland, TR-808, iliyotoka mwaka 1980 na kuacha kutengenezwa 1983. Ngoma yake ya mguu inavuma badala ya kugonga. Watu wa hip hop waliurefusha mvumo huo, wakaupandisha na kuushusha kama noti, ukawa besi.

Kwenye miksi yangu ngoma ya mguu na besi zinagombana. Nifanyeje?

Amua nani akae chini kabisa, mwenzake umpunguzie sehemu hiyo. Au ifanye besi ijishushe kidogo kila ngoma inapogonga, kisha irudi. Usiamue ukiwa umefungulia sauti kubwa. Sikio huipoteza besi sauti inapokuwa ndogo, kwa hiyo shusha hadi uweze kuongea bila kupaza. Ukiweza bado kuufuata mwendo wa besi, acha ilivyo.