Konda anatushushia Gongo la Mboto, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi jamani. Naishi Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kibarua changu kiko Kariakoo, natoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri na bado nachelewa. Kinachoniua zaidi ni jioni. Gari imeandikwa kabisa Chanika – Kariakoo, nauli tumeshatoa yote, tukifika Gongo la Mboto konda anagonga bodi, "mwisho hapa, shukeni!" Hapo ukitaka gari nyingine ujue watu wanapandia madirishani. Wenzangu wanaopandia Buguruni, njiani, ndo wanapanda gari inayoenda mjini na kugeuza nayo Kariakoo, yaani nauli mbili ili tu upate siti. Mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, ikija tutapona kweli? – Msomaji, Chanika

JIBU: Pole dada. Tuanze na huyo konda. Madereva wengi wa daladala hawana mshahara, wana hesabu ya tajiri, yaani pesa ya mwenye gari, na lazima ipatikane kila siku, mafuta juu yao, kinachobaki ndo wanagawana yeye na konda. Sasa jioni gari inatoka mjini imeshona, ila kutoka Chanika kurudi ni tupu, kwa hiyo akikatisha ruti Gongo la Mboto anawahi tripu nyingine yenye watu. Roho mbaya ipo, sikatai, lakini kubwa ni hiyo hesabu, ndo maana hata trafiki wakikamata wawili watatu mchezo unarudi palepale.

Mwendokasi sasa. Awamu ya tatu ni ya Barabara ya Nyerere na mwisho wake ni Gongo la Mboto, Chanika haifiki, kwa hiyo kile kipande chako cha mwisho kinabaki mikononi mwa konda huyohuyo labda LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wapange ruti fupi za kuleta watu kituoni toka Chanika, Buyuni na Zingiziwa, na zisimamiwe hadi usiku. Na yaliyotokea Kimara tusiyasahau, mwendokasi ya awamu ya kwanza ilianza Mei 2016 na mabasi 140, daladala zikaondolewa Barabara ya Morogoro, mabasi yalipoanza kuharibika watu wakarundikana vituoni hawana pa kukimbilia. Daladala zisiguswe kabla mabasi hayajatosha, huo ndo msimamo wangu.

Mi ningekuwa wewe ningeulizia na treni ya Pugu ya TRC, Shirika la Reli. Ile haijui foleni ya makutano ya Tazara, na ukishuka Kamata Kariakoo unatembea tu. Shida yake ni safari chache za asubuhi na jioni, ikikuacha imekuacha.

Na akikushusha tena usiishie kugombana nae mlangoni. Piga picha namba ya gari na ile ruti iliyoandikwa, andika saa na mahali, mkusanyane abiria kadhaa mpeleke LATRA kwa pamoja, nakala kwa diwani wenu, na humo humo mwombe hiyo ruti fupi.