Santuri mpya za tekno: inayochanika, inayoyumba na inayorusha sindano

Mkuu, umesema umenunua santuri sita mpya, nne za tekno na mbili za ambienti (muziki wa elektroniki ulio mtulivu). Moja inatoa sauti ya kuchanika dakika ya kwanza, moja ya ambienti inayumba kama kaseti iliyochoka, na moja ya tekno inarusha sindano palepale kila mara besi inapoingia. Unauliza kosa ni la sindano au la santuri. Hizo mbili za kwanza karibu kwa hakika ni za kiwandani. Ya tatu usiilaumu santuri kabla hujaupima mkono wa mashine unaobeba sindano.

Kanuni ya kwanza ya kutofautisha: kosa linalotokea mahali palepale kwenye santuri moja, huku nyingine zikicheza safi, kwa kawaida ni la santuri, isipokuwa la kuruka, nitakaloeleza chini. Kosa linalojirudia kwenye santuri zote, hasa ukikaribia lebo ya karatasi ya katikati, ni la sindano au jinsi ulivyoipanga.

Nianze na ile inayochanika. Zima taa kubwa, shika taa ndogo iangaze santuri kwa ubavu, karibu ilale juu yake, kisha igeuze santuri polepole. Ukiona vidoa vidogo vinavyometa kama chumvi iliyomwagwa kwa mstari, au ukanda wa rangi ya fedha kwenye mifereji (ile mistari inayopitiwa na sindano), hapo plastiki haikujaza kalibu, yaani umbo la chuma la kufyatulia. Santuri hufyatuliwa kwa kukandamiza bonge la plastiki ya PVC ya moto kati ya kalibu mbili. Mvuke unaopasha kalibu ukiwa na joto pungufu, au mashine ikiharakishwa, plastiki huanza kuganda kabla haijafika chini kabisa ya mfereji. Kuta za mfereji hubaki na mashimo, na sindano ikipita unasikia kitambaa kinachanwa, mara nyingi upande mmoja wa spika. Kuosha hakusaidii kitu, kwa kuwa hakuna uchafu wa kutoa. Kilichokosekana ni plastiki yenyewe. Uzito nao hauondoi tatizo hili. Bango la gramu 180 halikuhakikishii sauti: mfereji wa santuri ya gramu 140 una kina kilekile, na ubora unategemea aliyekata mifereji kwenye sahani mama na aliyefyatua nakala.

Usichanganye hilo na mlio wa "tik" mmoja mmoja. Tik ya mkwaruzo au kipele hurudi kila mzunguko, yaani kila sekunde 1.8 kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, au kila sekunde 1.33 kwa 45. Kwenye tekno kuna mtego hapa. Mapigo manne ya muziki wa mapigo 133 kwa dakika huchukua karibu sekunde 1.8 zilezile. Tik inaangukia pigo lilelile la kila baa, na unaweza kusikiliza wiki nzima ukidhani ni sehemu ya mdundo. Wimbo ukiwa wa mapigo 130, tik inateleza taratibu hadi inajitenga na mdundo, na ndipo unaigundua. Kupunguza kasi kwa kitelezi cha mashine hakutakusaidia kuitenga, maana tik na mdundo vinapungua pamoja. Sikiliza sehemu ambayo ngoma zimetolewa, au linganisha na faili la dijitali la wimbo uleule.

Sasa inayoyumba. Muziki wa elektroniki haufichi kasoro hii hata kidogo. Mwimbaji hutetema mwenyewe, nyuzi za gitaa hupinda, kwa hiyo sikio husamehe. Sintesaiza iliyoshikilia noti moja kwa baa nane imenyooka kama uzi, na uzi ukitikisika kila mtu anaona. Chanzo cha kawaida ni tundu kutokuwa katikati ya mifereji. Hesabu yake ni rahisi: gawanya umbali ambao tundu limekosea kwa umbali wa sindano kutoka katikati. Tundu likikosea milimita 0.5, sindano ikiwa sentimita 14 kutoka katikati, kasi hupanda na kushuka karibu asilimia 0.36. Ikifika sentimita 6, inakuwa asilimia 0.8, karibu sehemu ya saba ya nusu toni. Ndiyo maana santuri inaanza vizuri na kuyumba zaidi kadiri inavyoisha, na ndiyo maana wimbo mtulivu uliowekwa mwisho wa upande ndio unaoumia.

Kuthibitisha, kaa usawa wa santuri wakati nyimbo za mwisho zinacheza na utazame kichwa cha sindano kutoka mbele. Kikienda kushoto na kulia mara moja kila mzunguko, tundu limekosea. Mtikisiko mdogo upo karibu kwenye santuri zote. Unaouona bila kuutafuta ndio wa kulalamikia. Kikipanda na kushuka, santuri imepinda, hilo ni jambo lingine. Pima pande zote mbili: kila kalibu huwekwa katikati yake peke yake, kwa hiyo upande A unaweza kuwa sawa kabisa na B ukayumba. Wapo wanaopanua tundu kidogo na kuisogeza santuri kwa mkono hadi itulie. Inafanya kazi, ila ukishaligusa tundu huna tena haki ya kuirudisha.

Kuhusu inayoruka. Besi ya chini sana huchukua nafasi kubwa ya mfereji. Besi ikitofautiana kati ya kushoto na kulia, sindano hulazimika kupanda na kushuka badala ya kwenda kando, na inaweza kurushwa nje. Mkataji mzuri huliwahi hilo kwa kuifanya besi ya chini kuwa mono, yaani ileile kushoto na kulia, kabla ya kukata. Akifanya kazi yake, mkono uliopangwa vizuri haupaswi kuruka. Kwa hiyo rudi kwenye mashine: weka kizuia-mvuto (kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati) kwenye sifuri, zungusha uzani wa nyuma hadi mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, rudisha pete ya namba kwenye sifuri bila kuugusa uzani, kisha ongeza hadi uzito uliotajwa na mtengenezaji wa sindano. Sindano ya Audio-Technica VM95E, kwa mfano, inataka gramu 1.8 hadi 2.2. Kwa santuri za dansi zilizokatwa kwa sauti kubwa, chukua nusu ya juu ya kiwango hicho. Kizuia-mvuto anza nacho kwenye namba hiyohiyo. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaitunza santuri, na wanaiumiza zaidi: sindano nyepesi mno hupoteza mguso na ukuta wa mfereji, kisha inaupiga ikirudi. Pete za mikono mingi si sahihi sana, mizani ndogo ya dijitali ya sindano inafaa kuwa nayo.

Ukishapanga hivyo na bado inaruka pigo lilelile, angalia kama pana kipele au uzi wa karatasi mahali hapo. Hakuna? Basi ni ukataji, na hapo santuri inarudi.

Kwa manunuzi yajayo, kitu cha kwanza kusoma ni dakika kwa kila upande, kabla hata ya jina la msanii. Santuri ya inchi 12 kwa kasi ya 45 inapendeza ikiwa na dakika 10 hadi 12 kwa upande. Kwa 33⅓, dakika 15 bado inapiga kwa nguvu, 20 ni sawa, na 25 maana yake sauti imepunguzwa ili mifereji itoshe, na besi ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Tena mwanzoni mwa upande wa 33⅓ mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni 21 tu. Kwa 45 ni 69 na 28. Mwendo ukipungua hivyo, mawimbi ya matoazi yanabanwa mahali padogo, na sindano ya ncha ya duara haiingii humo vizuri, kwa hiyo matoazi yanageuka mchanga. Sindano ya ncha ya yai hupunguza hilo, na ile ya ncha nyembamba zaidi hupunguza sana. Albamu ya dakika 50 iliyogawanywa santuri mbili itanipendeza daima kuliko iliyobanwa kwenye moja.

Kasi isipoandikwa kwenye lebo, jambo la kawaida kwenye santuri za lebo nyeupe zisizochapwa kitu, jaribu zote mbili. Wimbo wa mapigo 128 uliokatwa kwa 33⅓ ukicheza kwa 45 unakuwa wa mapigo 173, na kwa sikio geni unaweza kupita kama muziki mwingine kabisa. Pande mbili pia zinaweza kutofautiana kasi. Kama upande unaanza na wimbo unaojirudia bila kusonga, au sindano inatoka ndani kwenda nje, usiogope, vimekatwa hivyo kwa makusudi. Cycle 30 ya Jeff Mills, mtayarishaji wa tekno wa Detroit, iliyotolewa na kampuni ya Axis mwaka 1994, ina mifereji iliyofungwa, inayozunguka palepale.

Tazama pia maandishi yaliyochorwa kwenye eneo laini kando ya lebo. Herufi NSC ni za National Sound Corporation ya Detroit, alipokatia santuri Ron Murphy. Jina la Dubplates & Mastering ni la studio ya ukataji ya Berlin. Alama hizo zinakuambia nani alikata hata kama jalada halisemi, na baada ya muda utajua ni wakataji gani unawaamini macho yamefumbwa.

Usafi ni jambo fupi. Santuri mpya mara nyingi imeshika umeme tuli na vumbi la mfuko wa karatasi. Tumia brashi ya nyuzi za kaboni kila kabla ya kucheza, na kama bado inatoa tik nyingi ndogo, osha kwa sehemu nne za maji yaliyokenekwa na moja ya alkoholi ya isopropili, futa kwa kufuata mifereji bila kulowesha lebo, suuza kwa maji yaleyale matupu, ikaushe ikiwa imesimama. Usitumie mchanganyiko huo kwenye santuri za zamani za shelaki, alkoholi inaziyeyusha. Badilisha mfuko wa karatasi kwa wa polithini laini, epuka mifuko ya PVC inayoacha ukungu juu ya santuri, na uivue nailoni ya kubana jalada, kwa sababu ikikaza kwa joto inapinda santuri.

Ukirudisha, tuma picha ya vile vidoa chini ya taa ya ubavu, rekodi ya sekunde 30 na maandishi ya karibu na lebo. Ile inayochanika omba ibadilishwe: kujaa kwa kalibu kunatofautiana kutoka fyatuo moja hadi jingine, nakala nyingine inaweza kuwa safi. Inayoyumba omba pesa, au usubiri ifyatuliwe upya, kwa kuwa kalibu iliyokaa vibaya imeyumbisha kila nakala iliyotoka nayo.