Maswali ya wasomaji: Mafunzo ya kumwokoa mtoto mchanga yanaposahaulika

SWALI: Mimi ni mkunga msimamizi wa chumba cha kujifungulia katika hospitali ndogo. Sote tulihudhuria mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua, na sote tulifaulu. Hata hivyo, miezi michache baadaye, mtoto anapozaliwa kimya naona mikono ikisitasita na muda ukipotea. Je, tuombe mafunzo marefu zaidi?

JIBU: Ndugu mkunga, jambo uliloliona limewahi kuchunguzwa. Katika Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, watafiti waliwafuatilia wahudumu waliopata mafunzo ya siku moja ya mpango wa Helping Babies Breathe (Kuwasaidia Watoto Kupumua), ulioanzishwa mwaka 2010, wakaona kwamba ustadi wao mbele ya mwanasesere wa mazoezi uliongezeka, lakini namna walivyowahudumia watoto wenyewe haikubadilika. Baadaye, hospitali hiyo hiyo ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara mahali pa kazi, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Kwa hiyo msiombe siku zaidi za semina. Ombeni mwanasesere abaki kwenu.

Sababu ni kwamba watoto wengi wanaochelewa kupumua huanza wenyewe wanapokaushwa na kusuguliwa mgongo, na ni wachache tu wanaohitaji kupumulishwa kwa mfuko na barakoa, yaani mfuko unaobinywa kwa mkono kumsukumia mtoto hewa, hivyo mkunga wa hospitali ndogo anaweza kukaa wiki nyingi bila kuushika mfuko huo. Siku anapouhitaji, barakoa inavuja, kifua hakiinuki, naye kwa hofu anarudia kusugua na kufyonza makamasi, ilhali dakika ya kwanza, ambayo wakufunzi huiita Dakika ya Dhahabu, inakwisha kabla mtoto hajapata hewa. Kosa hilo la kusugua na kufyonza kupita kiasi ndilo ningelifanyia mazoezi kuliko yote. Dakika chache mwanzoni mwa zamu zinatosha: mmoja apumulishe, mwenzake aangalie kifua na kuhesabu muda.

Kila baada ya tukio, kaeni mzungumze yaliyofanyika bila kumtafuta mwenye hatia. Nalisisitiza hili kwa sababu mahali palipo na lawama, mtoto ambaye moyo wake ulikuwa ukidunda huandikwa kuwa alizaliwa mfu, na kifo ambacho huenda kingezuilika hakijadiliwi na mtu yeyote.

SWALI: Niko katika kamati ya hospitali yetu. Wenzangu wanasema tusubiri tupate daktari bingwa wa watoto kwanza, ndipo tujipange kuwaokoa watoto wasiopumua. Je, ni sawa?

JIBU: Hapana. Daktari bingwa anahitajika sana kwa watoto njiti na wenye maambukizi makali, lakini hawezi kuwa kando ya kila mzazi ndani ya dakika moja. Aliyepo ni mkunga. Katika watoto wote wanaozaliwa, wanaohitaji dawa au kukandamizwa kifua ili moyo upige hawafiki hata 1 kati ya 100. Hakikisheni kwanza kila mahali pa kujifungulia pana mfuko safi unaofanya kazi pamoja na barakoa mbili, ya mtoto aliyetimiza miezi na ya njiti, kisha mtajeni kwa jina mhudumu wa kuvikagua kila zamu.