Usaili wa zimamoto: nikiulizwa "ungefanya nini", nijibuje?

SWALI: Shikamoo. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya zimamoto, zimebaki siku kumi. Mbio na majaribio ya nguvu nimefaulu. Aina za moto nimezikariri zote, ila naogopa yale maswali ya "ungefanya nini kama…". Wenzangu wananiambia nijionyeshe jasiri, eti jopo linapenda hivyo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kuvuka majaribio, maana wengi huishia hapo.

Huo ushauri wa wenzako nimeuona ukiwaangusha watu. Baada ya miaka mingi ya kuzima moto niliwekwa kwenye jopo la usaili, na swali tulilolipenda lilikuwa hili: umeingia na mwenzako kwenye nyumba iliyojaa moshi. Filimbi ya mtungi wako wa hewa inalia. Kiongozi anaita kwenye redio mtoke. Mara unasikia mtu anakohoa chumba cha mbele. Utafanya nini?

Kijana mmoja alijibu hata swali halijaisha: "Naingia, siwezi kumwacha mtu afe." Alisema kwa moyo wake wote, macho yakimlengalenga. Hatukumchukua.

Piga hesabu uone kwa nini. Mtungi wa lita 6 uliojazwa kwa shinikizo la bar 300 una hewa ya lita 1,800 hivi. Ukivuta lita 40 kwa dakika, hizo ni dakika 45. Lakini mtu anayeburura mpira wenye maji kupanda ngazi anaweza kuvuta lita 60 na zaidi, kwa hiyo zinabaki 30 au pungufu, na humo humo kuna ya kutokea. Filimbi ikilia, hewa iliyobaki ni ya kukutoa nje tu, basi. Ukijumlisha na amri ya kiongozi, ambaye huenda ameona paa linaanza kulegea na wewe ndani huoni hata glavu zako, yule kijana alikuwa anatuahidi watu watatu wa kutafuta badala ya mmoja.

Jibu tulilolisubiri halina makeke: "Namshika mwenzangu. Natamka kwenye redio: nimesikia mtu, mlango wa pili kushoto ukitokea sebuleni, hewa yangu inaisha, tunatoka. Nje namweleza kiongozi tena ana kwa ana, ili wenye mitungi iliyojaa waende moja kwa moja." Hapo watakubana: "Na akifa je?" Usibadilishe jibu. Sema litakuuma, na ungetoka vilevile. Wanakusukuma waone kama utayumba.

Kuhusu ulichokariri, angalia jambo moja. Herufi za makundi ya moto hazifanani kila mahali: Ulaya C ni moto wa gesi, Marekani C ni wa vifaa vya umeme, mafuta ya kupikia Ulaya ni F, Marekani ni K. Soma za kikosi unachokiomba. Halafu jifunze sababu, kwa kuwa herufi peke yake haitakutoa. Ukiulizwa kwa nini maji hayamwagwi kwenye sufuria ya mafuta yanayowaka, usiishie kwenye "ni hatari". Maji huzama chini ya mafuta, ambayo joto lake limepita kiwango cha maji kuchemka, yanageuka mvuke ghafla, na lita 1 ya maji hutoa mvuke wa lita 1,700 hivi. Mvuke huo unayarusha mafuta juu yakiwa yanawaka. Kwa hiyo unazima jiko kama unalifikia salama, unafunika sufuria, huisogezi, na hufunui mapema kuchungulia. (Ajabu ni wangapi husahau hilo la kuchungulia.)

Andaa pia visa vitatu vya kweli vya maisha yako: ulipogombana na mwenzako kazini, ulipokosea, ulipotii jambo usilolipenda. Si lazima viwe vya moto; cha ghala au timu ya mpira kinatosha, mradi useme ulifanya nini wewe, si "tulifanya". Vizungumze kwa sauti, mtu akikusikiliza. Kisa kinachoonekana kizuri kichwani mara nyingi huchukua dakika tano mdomoni, na jopo huchoka baada ya mbili.

Mavazi na kuwahi unayajua, sitakupotezea muda.

Ukiulizwa unaogopa nini, usiseme "hakuna". Mimi niliogopa nafasi finyu. Nilisema hivyo kwenye usaili wangu, nikaongeza kwamba nilikuwa nikijizoeza kutambaa chini ya vitanda nimefunikwa macho. Walicheka, kisha mmoja akaniuliza nilikuwa nahesabu nini ili nitulie. Nikamwambia pumzi.