Mkienda wengi Stirling na Glasgow, msitembee kama mabehewa

Wadau, mwisho wa Septemba tulitoka Manchester watu 13 kwenda Uskoti kwa wikendi moja, jumamosi tukapanda kwenye ngome ya Stirling na jumapili tukaenda makumbusho ya Riverside pale Glasgow kando ya mto Clyde. Tangu turudi nimepigiwa simu na watu kama watano hivi wanauliza mlipangaje mpaka mkarudi mnacheka, basi naandika hapa mara moja.

Kubwa kuliko yote: msitembee wote pamoja muda wote. Ndo kosa tulilofanya safari ya mwaka juzi, mji mwingine kabisa, tukawa tunasubiriana kutwa nzima, mmoja yuko chooni, wawili wanatafuta kahawa, waliotangulia wamenuna, walio nyuma wanajiona mzigo, na usiku kwenye nyumba tuliyopanga kila mtu na simu yake hakuna anayeongea. Safari hii tukakubaliana kitu kimoja tu, MAHALI na SAA ya kukutana, katikati hapo kila mtu aende na moyo wake. Nawaambia ilibadilisha kila kitu.

Hela kidogo niseme haraka. Changisheni mapema, na mtu mmoja tu ndo akate tiketi zote za ngome mtandaoni, ukikata kabla ni nafuu kuliko pale mlangoni. Mkubaliane kabisa kwamba anayeghairi dakika za mwisho harudishiwi, na hilo liandikwe kwenye grupu la WhatsApp wote walione, maana ugomvi wa pesa huwa unaanzia hapo. Riverside hakuna kiingilio, kwa hiyo hata mtu akiongezeka siku hiyohiyo haina shida.

Haya, Stirling. Treni mnapandia Glasgow Queen Street, ni kama dakika 40 hivi au pungufu. Ukishuka ukiangalia ramani kwenye simu ngome inaonekana iko hapo tu, sasa ramani haikuonyeshi ule mlima, ni kupanda mwanzo mwisho na njia ya mji wa kale imejengwa kwa mawe, goti bovu linajulikana hapo. Sisi wazee wetu watatu na dada mwenye mtoto mchanga tukawapakia teksi moja kwa moja kutoka stesheni, wengine tukapanda kwa miguu, tukakutana kwenye sanamu ya Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti wa zamani, nje ya geti. Sanamu iko wazi, huwezi kuipita bila kuiona. Fikeni asubuhi miguu ikiwa bado ina nguvu, na jaketi hata kama bondeni kuna jua, kule juu upepo haukuulizi.

Mkifika msikimbilie ndani. Simameni kwanza ukutani muangalie chini. Ngome imekaa juu ya jabali la volkano, na mto Forth unapita kule bondeni, sasa zamani hapa ndo palikuwa pa kuvukia mtu akitaka kwenda kaskazini, kwa hiyo aliyeishika Stirling alikuwa ameishika nchi. Ndo maana Waskoti na Waingereza walilipigania daraja la hapo chini mwaka 1297, na vita ya Bannockburn wakaipigana jirani tu mwaka 1314. Mimi haya mambo nilikuwa nimeyasoma na hayakuniingia, niliposimama pale juu ndo nikaelewa kwa nini watu walikufa kwa ajili ya mwamba.

Ndani kuna ukumbi mkubwa uliopakwa chokaa rangi ya dhahabu dhahabu, halafu kasri la mfalme James wa Tano, mle mnakuta wahudumu wamevaa mavazi ya enzi hizo. Waulizeni maswali! Wanapenda kuulizwa, na wanaeleza vizuri kuliko vibao. Mmoja alitusimulia kwamba Mary, malkia wa Uskoti, binti wa huyo James, alivikwa taji hapahapa Stirling tarehe 9 Septemba 1543 akiwa na miezi 9 tu, sasa yule dada mtoto wake aliyembeba mgongoni ana miezi hiyohiyo 9, jamani alinyamaza akageuza shingo akawa anamtazama mwanae muda mrefu, na sisi wote tukanyamaza.

Vijana wetu walishachoka na wafalme. Tungekuwa tunatembea wote pamoja kama mabehewa wangeanza kuvuta watu mikono tuondoke, ila kwa sababu walikuwa huru walishuka zao mpaka makumbusho madogo ya Stirling Smith kule chini, kuna mpira wa miguu wa miaka ya 1540 uliokutwa ndani ya kasri hilohilo, inasemwa ndo mpira wa zamani kuliko yote uliobaki duniani. Walirudi wanaongea wao tu, mpaka sisi tuliobaki juu tukaona wivu.

Jumapili sasa. Angalieni saa! Riverside ijumaa na jumapili inafungua saa 5 asubuhi, siku nyingine saa 4, mimi nilishawahi kusimama mlangoni saa nzima na watoto kwenye mvua kwa kutojua hilo. Shukeni stesheni ya Partick mtembee kidogo, au kama mko upande wa Govan, ng'ambo ya mto, kuna daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa 2024. Jengo lenyewe alilichora Zaha Hadid, limefunguliwa 2011, paa lake ni kama mawimbi yaliyokunjwa, na nje imefungwa meli ya matanga ya Glenlee ya mwaka 1896.

Mahali pa kukutana chagueni kichwa cha treni namba 3007. Ni kikubwa kuliko kitu chochote mle, hata mtoto hakikosi. Kilitengenezwa Glasgow mwaka 1945 na North British Locomotive kikaenda kufanya kazi Afrika Kusini miaka mingi ndo kikarudishwa, na kampuni hiyohiyo ndo iliyotengeneza vichwa vya kundi la 29 vya East African Railways. Mimi nilikuwa sijui. Aliyejua ni mzee mmoja katika sisi, ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya reli Tabora. Alikigusa kwa macho kuanzia mbele mpaka nyuma, nikamwambia mzee tukaone magari ya zamani, akanijibu, "Tangulieni tu mwanangu, mimi nimeshafika." Alikaa hapo zaidi ya saa nzima na hakuna aliyemsumbua.

Kitu kimoja tu ningebadilisha. Treni ya kurudi Manchester tulikata ya saa 10 jioni, na makumbusho yanafungwa saa 11, kwa hiyo nyie kateni ya saa 12 au zaidi, maana tulilazimika kumwondoa mzee akiwa amezungukwa na watoto wawili wasiomjua hata jina, anawaeleza kwa Kiingereza chake cha taratibu ile mikono ya chuma inavyoyasukuma magurudumu, na walikuwa hawajamaliza kumuuliza.